Njaa si dawa: historia ya chakula katika matibabu ya ugonjwa wa sukari

Katika Kivu, mtu akipimwa na kuambiwa kwamba ana ugonjwa wa sukari, mazungumzo ya kwanza nyumbani huwa juu ya sahani. Bugali aiache au aendelee nayo? Wengine humwambia aache tu sukari ya chai. Wengine humshauri afunge siku nzima ili damu ijisafishe. Na wako wanaomuona mgonjwa mnene aliyekonda baada ya kukimbia vita, wakadhani kwamba njaa imefanya kazi ya dawa.

Mabishano hayo si mapya. Madaktari wameyabishana kwa zaidi ya miaka 200. Ndani ya historia hiyo kuna mji uliozingirwa na maadui, kuna watoto waliokonda mpaka mifupa ikahesabika, na kuna habari njema ya miaka hii ya karibuni: watu wengi wenye kisukari cha aina ya pili wameweza kurudisha sukari yao katika kiwango cha kawaida, bila dawa, kwa kupunguza vyakula vya wanga na kupunguza uzito. Lakini historia hiyohiyo inaonyesha kwamba njaa ni jambo moja na chakula cha mgonjwa ni jambo lingine. Kuyachanganya hayo mawili kumeshaua watu.

Mkojo uliovuta sisimizi

Waganga wa India ya kale ndio walioandika mapema zaidi kwamba kuna watu ambao mkojo wao ni mtamu kama asali, na sisimizi huukimbilia. Katika vitabu vinavyobeba majina ya Charaka na Sushruta, wagonjwa hao waligawanywa makundi mawili. Kundi moja ni la wembamba, ambao ugonjwa huwaanza wakiwa wadogo. Kundi la pili ni la wanene, wanaopenda kula na kukaa. Ugawaji huo ulisahauliwa kwa muda mrefu, na baadaye ukaonekana kuwa wa kweli.

Jina diabeti limetoka katika lugha ya Kigiriki, na maana yake ni kitu kinachopitisha maji. Katika karne ya 2, daktari Aretaeus wa Kapadokia, eneo ambalo leo liko Uturuki, alieleza ugonjwa ambao unamfanya mtu anywe maji bila kushiba na akojoe bila kukoma, huku mwili wake ukiyeyuka. Mwaka 1674 Mwingereza Thomas Willis aliandika kwamba mkojo wa wagonjwa hao ni mtamu ajabu. Mwaka 1776 Matthew Dobson, daktari wa mji wa Liverpool, alichemsha mkojo mpaka maji yakaisha. Kilichobaki kilikuwa na sura na ladha ya sukari. Alionyesha pia kwamba utamu huo uko hata ndani ya damu. Kuanzia hapo ilijulikana kwamba si ugonjwa wa figo tu. Kuna sukari ambayo mwili unashindwa kuitumia, na swali likawa: sukari hiyo inatoka wapi?

Kapiteni aliyenyimwa mkate

Jibu la kwanza lenye uzito lilitoka jeshini. Mwaka 1796 John Rollo, daktari Mskoti wa jeshi la Uingereza, alimpokea mgonjwa aliyeitwa Kapiteni Meredith wa kikosi cha mizinga. Meredith alikuwa mtu mnene kabla ugonjwa haujaanza kumkondesha. Rollo alifikiri hivi: kama sukari inatokana na nafaka na mboga anazokula, basi azinyimwe. Akamwekea chakula cha nyama, mafuta, damu iliyopikwa na maziwa kidogo. Mkate ulikatwa karibu wote.

Sukari ilipungua katika mkojo, kiu ikaisha, na Meredith akarudi kazini. Rollo alichapisha habari hiyo mwaka 1797. Aliandika pia juu ya mgonjwa wake wa pili, jenerali mwenye umri mkubwa, ambaye alipata nafuu kwa chakula hicho lakini hakuweza kukishika. Alirudia vyakula vyake vya zamani na akafa. Kwa hiyo tangu kitabu cha kwanza matatizo mawili yalikuwa yamejulikana: chakula cha wanga kidogo kinashusha sukari, na kukishika siku zote ni kazi ngumu.

Neno wanga linahitaji kufafanuliwa. Ni ule unga ulio ndani ya muhogo, mahindi, mchele, ngano, viazi na ndizi za kupika. Mdomoni hauna utamu mkubwa, ndiyo maana watu hawauogopi. Lakini ukifika tumboni unavunjwavunjwa na kuwa glukosi, yaani sukari ileile ambayo mashine hupima kwenye kidole. Mtu aliyeacha vijiko viwili vya sukari kwenye chai, kisha akala mlima wa bugali, hajaacha sukari.

Paris iliyozingirwa

Somo kubwa zaidi lilitoka katika vita. Kuanzia Septemba 1870 mpaka Januari 1871, majeshi ya Prussia yaliuzingira mji wa Paris. Chakula hakikuingia. Mkate uligawanywa kwa kipimo, na wakaaji walikula farasi, paka na panya. Katika mji huo alikuwamo Apollinaire Bouchardat, mtaalamu wa dawa na mwalimu wa mambo ya afya, ambaye alikuwa ametibu wagonjwa wa kisukari kwa miaka mingi. Katika miezi hiyo ya shida aliona jambo la kushangaza: sukari ilipungua, na kwa wengine ikapotea kabisa, katika mkojo wa wagonjwa wake.

Bouchardat hakusema kwamba vita ni dawa. Alichukua somo moja tu: wagonjwa wake walikuwa wanakula kupita kiasi. Aliwafundisha kula kidogo, kupunguza wanga, kula mboga za majani, kutembea na kufanya kazi za mikono. Aliwatengenezea mkate uliotolewa sehemu kubwa ya wanga. Zaidi ya hayo, aliwafundisha kupima mkojo wao wenyewe kila siku, ili kila mmoja ajue chakula gani kinamdhuru. Kipimo cha kidole cha siku hizi kinafuata wazo hilohilo.

Wengine walitumia nguvu. Huko Naples, Italia, daktari Arnaldo Cantani aliwafungia wagonjwa vyumbani kwa ufunguo ili wasiibe mkate. Na London, mwaka 1863, William Banting, mtu wa kazi ya mazishi, alichapisha kijitabu kuhusu namna alivyopunguza kilo karibu 21 kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Banting hakuwa mgonjwa wa kisukari. Lakini daktari wake, William Harvey, alikuwa amepata wazo hilo Paris, alikosikiliza masomo ya Claude Bernard juu ya ini na sukari ya damu. Kwa hiyo mambo haya mawili, kupunguza uzito na kutibu kisukari, yalikutana zamani.

Watoto waliokondeshwa

Mwanzoni mwa karne ya 20, hospitali zilikuwa bado hazina dawa. Marekani, daktari Frederick Allen alichukua wazo la Bouchardat na kulifikisha mwisho wake. Aliwafungisha wagonjwa chakula mpaka sukari ipotee katika mkojo, kisha akawarudishia chakula kidogo kidogo. Mboga zilichemshwa mara tatu na maji kumwagwa, ili wanga wote utoke. Elliott Joslin wa Boston naye aliifuata njia hiyo.

Kwa watu wazima wanene, wengi walipata nafuu. Kwa watoto na vijana wembamba ilikuwa kuahirisha kifo tu. Elizabeth Hughes, binti wa mwanasiasa mkubwa wa Marekani, alipata kisukari mwaka 1919 akiwa na miaka 11. Kwa miaka 3 aliishi kwa chakula cha kuhesabu, mpaka uzito wake ukashuka kufikia kilo kama 20. Wengine wa umri wake walikufa, ama kwa ugonjwa, ama kwa njaa ya matibabu yenyewe.

Kilichomwokoa ni insulini. Tarehe 11 Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson, mwenye kilo kama 29, alichomwa sindano ya kwanza ya insulini iliyotolewa katika kongosho la mnyama. Dawa ya kwanza ilikuwa na uchafu. James Collip aliisafisha, na sindano za tarehe 23 Januari zikashusha sukari vizuri. Frederick Banting, Charles Best na John Macleod ndio waliokuwa pamoja naye katika kazi hiyo. Elizabeth Hughes alifika Toronto mwezi Agosti mwaka huo, akaanza sindano, akanenepa, akaolewa, akazaa. Alikufa mwaka 1981 akiwa na miaka 73.

Hapo historia ilitoa onyo lake la kwanza. Ugonjwa wa sukari wa Elizabeth haukuwa ule wa Kapiteni Meredith. Mwaka 1936 Harold Himsworth wa London alithibitisha kwa vipimo kile ambacho Wahindi wa kale walikiona kwa macho. Kuna wagonjwa ambao mwili wao hauna insulini; wakipewa, sukari hushuka haraka. Na kuna wengine ambao mwili wao unaikataa insulini isifanye kazi yake. Leo kundi la kwanza linaitwa aina ya kwanza, na la pili aina ya pili. Wa aina ya kwanza hawezi kuishi kwa chakula peke yake. Akikosa insulini, anakufa, hata ale nini na hata asipokula kitu.

Dawa zilipokuja, sahani ikasahauliwa

Baada ya insulini zilikuja tembe. Nchini Ufaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marcel Janbon na Auguste Loubatières waligundua kwamba dawa fulani ya kuua vijidudu inashusha sukari ya damu. Kutoka hapo zilizaliwa dawa kama glibenklamidi. Mwaka 1957 Jean Sterne wa Paris alichapisha matokeo ya metformini, ambayo mpaka leo ndiyo tembe ya kwanza kwa wagonjwa wengi wa aina ya pili.

Dawa hizo zimeokoa maisha ya watu wengi. Lakini zilileta pia mazoea mabaya. Kisukari cha aina ya pili kilianza kuhesabiwa kama safari ya kwenda mbele tu: leo tembe moja, kesho mbili, mwishoni sindano. Mgonjwa aliambiwa aangalie chakula, lakini wengi hawakuambiwa kwamba chakula kinaweza kuurudisha ugonjwa nyuma. Miongo ilipita hivyo.

Kilichoonekana katika njaa za watu wengi

Katika karne hiyohiyo ya 20, njaa za kweli ziliendelea kutoa mafunzo, na si yote yaliyokuwa mazuri.

Wakati wa baridi kali ya mwaka 1944 kuingia 1945, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kuingia magharibi ya Uholanzi. Watu walikufa kwa maelfu. Miaka 50 baadaye, watafiti waliwapima watu wazima ambao wakati ule walikuwa tumboni mwa mama zao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998: miili yao ilikuwa dhaifu zaidi katika kuitawala sukari kuliko ya wenzao waliozaliwa kabla ya njaa au waliotungwa mimba baada yake. Njaa ya mama iliwafuata watoto mpaka uzeeni.

Cuba ilipitia jambo la namna nyingine. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuanguka mwaka 1991, chakula na mafuta ya magari vilipungua sana kisiwani. Watu walitembea kwa miguu na kwa baiskeli, wakala kidogo, na kwa wastani wakapoteza kilo 5 hivi. Katika miaka iliyofuata, vifo vya kisukari vilipungua. Uzito uliporudi, kisukari nacho kikarudi. Wanaosimulia habari hiyo mara nyingi huishia hapo. Lakini katika miaka hiyohiyo zaidi ya Wacuba 50 000 walipata ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Wengine macho yalififia, wengine miguu ilikufa ganzi, na sababu kubwa ilikuwa kukosa vitamini katika chakula. Njaa ilichukua kwa mkono mmoja kile ilichotoa kwa mwingine.

Na kuna wagonjwa wembamba ambao hawaingii vizuri katika kundi lolote kati ya yale mawili. Mwaka 1955, Philip Hugh-Jones aliwaeleza watu wa namna hiyo nchini Jamaika. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba kuna kisukari kinachohusiana na utapiamlo, kisha mwaka 1999 likakiondoa katika orodha yake. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikirudisha kwa jina la aina ya tano. Kwa nchi ambazo watoto wengi wamekua katika vita na upungufu wa chakula, uamuzi huo si mdogo. Unakumbusha kwamba mtu mwembamba mwenye sukari nyingi huenda anahitaji kulishwa vizuri, na kuambiwa ale kidogo kunaweza kumuumiza.

Newcastle: kwa nini kupunguza uzito kunafanya kazi

Jibu la kwa nini lilikuja karne hii. Madaktari wa upasuaji walikuwa wameona kwamba wagonjwa wanene waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula walipata sukari ya kawaida ndani ya siku chache. Profesa Roy Taylor wa Newcastle, Uingereza, alijiuliza kama ni upasuaji ndio uliowaponya au ni kule kula kidogo ghafla. Akachukua watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili, akawapa chakula cha kalori 600 kwa siku kwa wiki 8, wakiwa chini ya uangalizi. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Katika wiki ya kwanza tu, sukari ya asubuhi kabla ya kula ilirudi kawaida. Picha za ndani ya mwili zilionyesha mafuta yakipungua kwanza katika ini, halafu katika kongosho.

Maelezo yake ni mepesi kueleweka. Mtu akila kuliko mwili unavyohitaji, na hasa wanga mwingi, ziada hugeuzwa mafuta. Mafuta yakikosa pa kuwekwa chini ya ngozi, huingia katika ini. Ini lililojaa mafuta halisikii tena amri ya insulini, linaendelea kumwaga sukari katika damu usiku na mchana. Mafuta mengine hufika katika kongosho na kulizuia lisitoe insulini ya kutosha. Yakiondoka, viungo hivyo vinaweza kuamka tena, hasa kama ugonjwa haujakaa miaka mingi.

Jaribio kubwa lilifuata. Liliitwa DiRECT, na lilikuwa na watu 306 wa Scotland na Tyneside, waliokuwa na kisukari kwa muda usiozidi miaka 6. Nusu waliendelea na matibabu ya kawaida. Nusu waliacha dawa za sukari, wakala vinywaji maalumu vya kalori kama 850 kwa siku kwa miezi 3 mpaka 5, kisha wakarudishiwa chakula polepole. Baada ya mwaka mmoja, 46 kati ya kila 100 walikuwa hawana tena kiwango cha kisukari, bila dawa. Katika kundi lingine walikuwa 4 tu kwa 100. Kati ya waliopunguza kilo 15 au zaidi, 86 kwa 100 walifaulu. Baada ya miaka 2 waliobaki salama walikuwa 36 kwa 100. Wengi waliorudia ugonjwa walikuwa wamerudia uzito.

Njia ya Rollo nayo ilirudi. David Unwin, daktari wa mtaani huko Southport, Uingereza, alianza mnamo mwaka 2013 kuwafundisha wagonjwa wake kupunguza wanga, kwa chakula cha kawaida cha sokoni. Aliwatolea mifano ya vijiko: bakuli la wali la gramu 150 huinua sukari ya damu kama vijiko vidogo 10 hivi vya sukari. Karibu nusu ya waliochagua njia hiyo walifika kwenye sukari ya kawaida bila dawa. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kiliandika kwamba kupunguza wanga ndiyo njia ya chakula yenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari.

Wataalamu wanaepuka neno kupona. Mwaka 2021 walikubaliana kuita hali hiyo utulivu wa ugonjwa: kipimo cha damu cha wastani wa miezi 3, kiitwacho HbA1c, kinakuwa chini ya asilimia 6,5 angalau miezi 3 baada ya kuacha dawa. Uzito ukirudi, ugonjwa unaweza kurudi pia. Kwa hiyo kupima kunaendelea kila mwaka.

Bugali, sombe na sambaza

Kwa mkaaji wa Goma, Bukavu, Butembo au Uvira, vinywaji maalumu vya Scotland haviko sokoni, na bei yake isingewezekana. Lakini hesabu ya chakula cha nyumbani inawezekana.

Wengine husema kwamba bugali ya muhogo ni chakula cha mababu, kwa hiyo haiwezi kudhuru. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno katika pwani ya Kongo kwenye karne ya 16, na ukafika huku mashariki baadaye sana. Mahindi nayo yalitoka Amerika. Vilipendwa kwa sababu vinashibisha kwa bei ndogo na muhogo unakaa ardhini ukisubiri. Hiyo ni faida kubwa kwa mkulima anayelima kutwa. Kwa mtu wa kazi ya kukaa, mwenye tumbo kubwa na kisukari, hesabu ni nyingine: gramu 100 za unga wa muhogo zina zaidi ya gramu 80 za wanga.

Bahati nzuri, vinavyozunguka bugali ndivyo vinavyomfaa mgonjwa. Sombe na lengalenga vina wanga kidogo. Sambaza, ambazo wenyewe waliletwa katika Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ni protini na mafuta mazuri. Mayai, samaki, nyama, avoka, karanga na kabichi vinashibisha bila kupandisha sukari sana. Maharagi yana wanga, lakini yana nyuzi na protini, kwa hiyo sukari yake hupanda polepole kuliko ya bugali au mkate. Kinachobadilika ni kipimo: mboga zijaze nusu ya sahani, maharagi au samaki robo, na bugali isizidi robo iliyobaki. Soda, juisi, chai ya sukari, mandazi, bia na kasiksi ndivyo vya kwanza kuondoka. Familia nzima inaweza kukaa kwenye chungu kimoja, mgonjwa akapakua tofauti.

Kwa wenye kuishi kambini

Kwa familia zilizokimbia, uchaguzi huo ni mdogo. Msaada wa chakula kwa kawaida ni unga wa mahindi, maharagi au mbaazi, mafuta na chumvi. Sehemu kubwa ni wanga, na mboga hutegemea pesa au kipande cha shamba. Hapo mgonjwa wa aina ya pili hana kosa sukari yake ikipanda. Kinachowezekana ni kugawanya sehemu yake: ale maharagi kwanza na unga kidogo, asile unga wote kwa mara moja, achume lengalenga pale inapoota, na atembee baada ya kula.

Yapo mambo manne ambayo historia hii yote inayadai, na yanawahusu zaidi waliokatika na matibabu.

La kwanza, mtoto, kijana au mtu mwembamba mwenye kiu nyingi, kukojoa sana na kukonda haraka asifungishwe chakula. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Huenda ni aina ya kwanza, na anahitaji insulini. Akianza kutapika na kupumua kwa nguvu, ni hatari ya kifo.

La pili, anayetumia insulini au glibenklamidi asipunguze chakula kabla ya kuongea na daktari au muuguzi apunguziwe dawa. Dawa ikibaki ileile na chakula kikikatwa, sukari hushuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuzimia. Hapo ndipo sukari ya chai inageuka dawa, na apewe mara moja kama bado anaweza kumeza.

La tatu, mjamzito na mama anayenyonyesha hawaingii katika chakula cha kukondesha. Watoto wa Uholanzi wa mwaka 1945 ni ushahidi wa kutosha.

La nne, insulini isitupwe kwa sababu tu hakuna friji. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima insulini katika joto kama lile la kambi ya Dadaab, Kenya, linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba ilibaki na nguvu kwa wiki 4. Kivulini, mbali na jua na moto, inaweza kusaidia.

Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba watu wazima milioni 24 wa Afrika kusini mwa Sahara wanaishi na ugonjwa huu, na zaidi ya nusu yao hawajui. Kwao hatua ya kwanza ni kipimo cha kidole. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 126, na ikapimwa tena siku nyingine ikawa hivyohivyo, mtu ana kisukari.

Kapiteni Meredith alisaidiwa na chakula kwa sababu alipewa kingine cha kutosha mahali pa mkate, na daktari alikuwa pembeni akipima. Elizabeth Hughes alikondeshwa kwa chakula hichohicho cha kuhesabu, mpaka sindano ilipofika. Kwa mgonjwa wa leo huku Kivu, kabla ya kuamua juu ya bugali, kwanza ajue yuko upande wa nani kati ya hao wawili. Kituo cha afya kinaweza kumsaidia kujua.